Baada ya Magharibi, Mlevi Aende Wapi?





Ndugu msomaji, katika darsa zetu hapa chuoni mada ya pombe huwa haichukui muda mrefu. Msemaji husoma aya za Suratul Maida, hutaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, kuanzia anayeikamua mpaka anayeinywa, kisha huuliza kama kuna swali. Swali halipo. Nani aulize kuhusu jambo ambalo uharamu wake hauna shaka? Tunatoa takbir, tunatawanyika.

Mimi nimekaa na swali langu tangu mwaka wa kwanza. Sikuwahi kuliuliza, kwa sababu si swali la halali na haramu, hilo limekwisha. Swali langu ni hili: tukishamwambia mlevi kwamba pombe ni haramu, je, tumemaliza wajibu wetu kwake? Au kuna haki yake nyingine juu yetu ambayo hatuitaji kwenye darsa?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Nimelitoa nyumbani kwetu Giheta, na lina mtu ndani yake.

Pombe katika nchi ya migomba

Giheta iko Gitega, katikati ya Burundi. Wageni huijua kwa ngoma za Gishora, mahali ambapo Mfalme Mwezi Gisabo aliweka makao ya ngoma zake, na ambapo hadi leo wapigaji hurithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni. Sisi wenyeji tunaijua Giheta kwa migomba. Baba yangu ni Muislamu wa Muyinga, kaskazini mashariki, ambako Waislamu tumekuwapo vizazi vingi. Mama ni mtoto wa mlima huu wa Giheta. Alisilimu alipoolewa, ndugu zake wengi ni Wakatoliki, na bibi yangu mzaa mama alikufa Mkatoliki.

Bibi alikuwa hodari wa kutengeneza urwarwa, yaani pombe ya ndizi. Ndizi huvundikwa shimoni mpaka zinaiva, hukamuliwa kwa majani, na maji yake matamu huitwa umutobe. Hayo ni halali kabisa, ni sawa na maji ya matunda yoyote. Lakini yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku chache, yanageuka urwarwa. Bibi, ingawa hakuwa Muislamu, alikuwa na desturi ya kututengea sisi wajukuu umutobe kwenye kibuyu kidogo kabla ya kutia unga. Alikuwa akisema: "Hiki ni cha Waswahili wangu." Kwetu Burundi neno Mswahili, kwa watu wengi, maana yake ni Muislamu. Nilipokuja kusoma hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiroweshewa zabibu, akinywa maji yake leo, kesho na keshokutwa, na zaidi ya hapo yanamwagwa, nilimkumbuka bibi na kibuyu chake. Alijua mpaka uko wapi, akauheshimu kwa ajili yetu.

Nataka msomaji ambaye hajafika kwetu aelewe pombe ni nini katika maisha ya mlimani, kwa sababu bila hilo hatuwezi kumwelewa anayeshindwa kuiacha. Ukienda kuposa, unakwenda na pombe. Mahari ikipokelewa, pombe. Wazee wa baraza, wanaoitwa bashingantahe, wakipatanisha majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba, waliopatanishwa hunywa pamoja ili ionekane kwamba ugomvi umekwisha. Msiba ukiisha, pombe. Zamani chungu kiliwekwa katikati na watu wakanywa kwa mirija, kila mtu na mrija wake lakini chungu kimoja. Mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Kwa hiyo kukataa pombe ya mtu, kwa desturi, ni kama kumwambia: sikuamini.

Kisha ikaja bia ya kiwandani. Kampuni ya Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, wakati wa Wabelgiji, na ina viwanda Bujumbura na Gitega. Wenye hisa nyingi ni Heineken ya Uholanzi, na Serikali yenyewe ina karibu asilimia 40. Kadiri Primus inavyonywewa ndivyo Serikali inavyopata kodi, na faida pia. Chini kabisa, kwa wasio na uwezo wa chupa, kuna kanyanga, pombe kali ya kukenekwa, ambayo imepigwa marufuku na inapatikana.

Sisi Waislamu kwenye sherehe tunaletewa fanta. Majirani wamezoea, hawakasiriki. Na hapa ndipo ninapoona hatari yetu ya kwanza. Kwa kuwa kutokunywa ndiko kunakotutambulisha, tumeifanya haramu hii kuwa bendera. Muislamu anayesema uongo ni Muislamu mwenye kosa. Muislamu anayesengenya ni Muislamu mwenye kosa. Lakini Muislamu anayekunywa tunamwona kama mtu aliyeiangusha bendera mbele ya majirani. Hasira yetu kwake, tukijichunguza kwa ukweli, nusu ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na nusu ni kwa ajili ya sura yetu.

Mjomba

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alisilimu nikiwa mtoto. Kazi yake ni kuteremsha ndizi kwa baiskeli hadi soko la Gitega, mikungu imefungwa nyuma na pembeni mpaka baiskeli haionekani. Ni mtu wa kuchekesha, na mimi ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli. Alikuwa mnywaji kabla ya kusilimu na hakufaulu kuacha. Alianzia urwarwa, akaishia kanyanga. Mkewe ameuza mbuzi wawili kwa siri ili watoto wapate madaftari, kwa sababu fedha ya ndizi ilikuwa ikiishia njiani.

Jambo moja lilinishangaza tangu utotoni: Ramadhani mjomba alikuwa hanywi. Siku zote 29 au 30. Siku za kwanza mikono ilikuwa ikimtetemeka, jasho linamtoka usiku, hali chakula vizuri. Sisi tukasema ni njaa ya kutozoea. Baadaye alitulia. Alifuturu nasi msikitini, akasali tarawehe safu ya nyuma, akacheka na watoto. Idi ikipita, haikumaliza wiki, unamkuta kabare. (Kabare kwetu ni kilabu cha pombe, hata kama ni kibanda chenye mabenchi mawili.)

Nikiwa na miaka 17 nilikuwa na ghera kubwa ya dini na elimu ndogo. Nilijiambia hivi: mtu anayeweza kuacha siku thelathini anaweza kuacha maisha. Basi huyu hataki tu. Ijumaa moja ya Shawwal alikuja msikitini ananuka. Hakuwa amelewa, alikuwa ananuka pombe ya usiku. Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia kwa sauti ambayo waliokaa waliisikia: "Mjomba, swala yako haikubaliki siku arobaini. Umekuja kutafuta nini?"

Alikuwa ameshavua ndala moja. Akaivaa tena, akaondoka. Mzee mmoja nyuma yangu alinisifu, akasema vijana wenye ghera kama huyu ndio tunaowahitaji. Nilifurahi kusifiwa. Naandika hili kwa sababu sifa ile nimeikumbuka kwa aibu kuliko hata maneno yangu.

Mjomba hakukanyaga msikitini tena kwa zaidi ya miaka miwili. Hata Ramadhani hakuja. Na Ramadhani hizo, kwa mara ya kwanza tangu asilimu, alikunywa.

Nilichokisema na nisichokijua

Nilipofika chuoni niliitafuta ile hadithi. Ipo, wameipokea Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah: anayekunywa pombe haikubaliwi swala yake siku arobaini. Lakini hadithi hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humpokea. Mimi nilisoma nusu. Na wanavyuoni hawakuielewa kama nilivyoielewa mimi. Imam Nawawi, akieleza hadithi inayofanana na hiyo kuhusu aliyekwenda kwa mpiga ramli, anasema maana ya kutokubaliwa ni kwamba hapati thawabu. Wajibu wa kuswali hauondoki, na akiswali faradhi inamshuka, halazimiki kuirudia. Kwa hiyo mlevi aliyezindukana akaja kuswali anatimiza faradhi. Aliyemrudisha mlangoni amemsaidia kuongeza dhambi ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kuna jambo lingine sikulijua, nalo si la vitabu vya fikihi. Mitetemeko ile ya siku za kwanza za Ramadhani haikuwa njaa. Mwili uliozoea pombe kali kwa miaka mingi, ukinyimwa ghafla, hutetemeka, hutoa jasho, hukosa usingizi. Kwa wengine huja degedege na kuona visivyokuwapo, na mtu anaweza kufa. Anayekunywa sana kila siku anatakiwa aache chini ya uangalizi wa daktari. Kila Ramadhani mjomba alikuwa akipita kwenye hatari hiyo peke yake, na sisi tukimwambia asubiri adhana.

Hapa huja ubishi ambao nimeusikia kwenye mabweni: ulevi ni ugonjwa au ni dhambi? Chama cha Madaktari cha Marekani kilitangaza mwaka 1956 kwamba ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linauorodhesha utegemezi wa pombe pamoja na magonjwa mengine. Baadhi ya ndugu wanaona kukubali hilo ni kumwondolea mtu hesabu mbele ya Mola wake. Mimi sioni kwamba lazima tuchague. Mtu akivunjika mguu kwa kuruka ukuta wa jirani akiiba, kuruka ni dhambi na mguu umevunjika kweli. Toba haiungi mfupa, na daktari hasamehe wizi. Anahitaji vyote viwili. Dini yetu inaamrisha toba na inaamrisha matibabu, wala hakuna aya inayosema mwenye kosa asitibiwe.

Ramadhani ina nini?

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mjomba kumwomba radhi. Sitasimulia yote. Aliniambia alishasahau, na nilijua hajasahau. Kisha nikamuuliza lile swali la utotoni: ilikuwaje aweze siku thelathini na asiweze ya thelathini na moja? Nilitarajia aseme baraka za mwezi, au kwamba mashetani wamefungwa.

Alifikiri kidogo, akasema: "Mpwa wangu, mwezi ule jioni nilikuwa na pa kwenda."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kwa miezi. Burundi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huzama karibu na saa kumi na mbili. Saa hiyo ndiyo watu wanatoka mashambani na sokoni, wamechoka, wana noti mbili tatu mfukoni, na nyumbani hakuna taa. Saa hiyo ndiyo kabare hujaa. Ramadhani, saa hiyo hiyo, mkeka ulikuwa umetandikwa msikitini, uji wa moto, tende kama zimepatikana, watu wanamwambia sogea hapa. Halafu Isha, halafu tarawehe, halafu amechoka, analala. Saa zote za hatari zilikuwa na wenyewe. Idi ikifika tunakunja mkeka. Baada ya Magharibi kila mmoja wetu anaharakia kwake, anarudi Isha, mlango unafungwa. Sisi tuna nyumba zenye mazungumzo. Yeye saa kumi na mbili ya jioni ya pili ya Shawwal anasimama barabarani na baiskeli tupu, na mahali pamoja tu ndipo wanapomwita kwa jina.

Nilikosea hesabu, basi. Nilidhani siku thelathini zilithibitisha nguvu ya nia yake, kwa hiyo siku ya thelathini na moja ilithibitisha ubaya wa nia yake. Nia ilikuwa ile ile. Kilichoondoka siku ya thelathini na moja ni sisi.

Madina na Marekani

Wahadhiri wetu hupenda kulinganisha Madina na Marekani, na ulinganisho huo ni wa kweli. Marekani ilipiga marufuku pombe kwa katiba kuanzia Januari 1920, ikashindwa, ikaifuta marufuku Desemba 1933. Madina iliacha kwa siku moja: Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mpigambiu akatangaza, Abu Talha akamwambia atoke aimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Kwa kawaida hitimisho letu ni kwamba wao walikuwa na imani na Wamarekani walikuwa na sheria tu. Ni kweli, lakini tunaharakisha kupita juu ya namna ilivyotendeka.

Kwanza, haikuwa siku moja. Kulitangulia aya inayokiri kwamba katika pombe kuna manufaa kwa watu ila dhambi yake ni kubwa zaidi (2:219). Kisha ikaja aya inayokataza kuikaribia swala katika hali ya ulevi (4:43), na kwa kuwa swala ni tano, mchana wote ukafungwa, ukabaki usiku baada ya Isha. Mwisho ndipo ikaja amri ya kujiepusha kabisa (5:90-91). Bibi Aisha (r.a.) amepokewa akieleza kwamba zilizoteremka kwanza ni sura zenye kutaja Pepo na Moto, mpaka watu walipotulia katika Uislamu ndipo halali na haramu zikaja, lau jambo la kwanza lingekuwa kukatazwa pombe, wangesema hawataiacha kamwe. Angalia aya ya pili: haikumfukuza mnywaji msikitini. Ilimwekea mkutano mara tano kwa siku ambao alitakiwa afike ana akili zake. Hukumu ya aya hiyo ilifuatwa na ile ya mwisho, hilo halina ubishi. Lakini hekima ya malezi yake bado tunaihitaji kwa kila anayeanza safari.

Pili, Abu Talha hakuacha peke yake akiwaacha wenzake wakinywa. Chungu kilipomwagwa, watu waliokuwa wamekizunguka walibaki pamoja. Jamaa wa jana ndio jamaa wa leo, ila sasa wanakutana msikitini. Mjomba wangu, akiacha pombe, anapoteza kila mtu aliyekuwa akikaa naye jioni, na hapati wengine badala yao. Tumemtaka afanye peke yake kitu ambacho masahaba, wenye imani inayozidi yetu sote, walikifanya kwa pamoja.

Nchi jirani nazo zimejaribu sheria. Kenya ilipitisha sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliiita Sheria ya Mututho, ikibana saa za kuuza. Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali za mifuko ya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Hatua hizi ni njema. Kijana wa shule hawezi tena kuficha kiroba kwenye soksi. Lakini sheria inaondoa mfuko. Jioni inabaki pale pale.

Watafiti nao wameliona hili kwa njia yao. Mwanaanthropolojia Dwight Heath aliishi miaka ya 1950 na Wakamba wa Bolivia (si Wakamba wa Kenya), akawakuta wanakunywa pombe kali mno kwenye sikukuu zao, kwa zamu na utaratibu, bila mtu kunywa peke yake, na hakuona miongoni mwao walevi tunaowajua sisi. Hilo halihalalishi chochote kwetu. Manufaa machache tumeshaambiwa yapo na dhara ni kubwa zaidi. Linatufundisha tu kwamba namna mtu anavyokunywa hufuata namna alivyofungamana na wenzake. Na mwaka 1935, Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kila mmoja akiwa peke yake alishindwa, na walipokuwa wakikaa kuzungumza waliweza. Kutokana na mazungumzo hayo kikaanzishwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho sasa kina mikutano karibu dunia nzima. Ukiondoa mambo mengine ya mikutano hiyo, kiini chake ni watu kukaa pamoja jioni bila pombe. Sisi tuna misikiti, tuna wakati kati ya Magharibi na Isha, na tuna amri ya kuusiana haki na subira.

Aliyekatazwa kulaaniwa

Katika Sahihi ya Bukhari kuna mtu ambaye ningependa tumtaje kwenye darsa zetu kama tunavyowataja wale kumi. Aliitwa Abdullah, na alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alikuwa pia akinywa pombe, akaletwa zaidi ya mara moja, akaadhibiwa. Siku moja mtu katika waliokuwapo akamlaani kwa kuletwa kwake mara nyingi. Mtume (s.a.w.) akamkataza kumlaani, na akasema kwamba anachokijua yeye ni kuwa mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Adhabu haikuondolewa. Haramu haikulegezwa hata chembe. Lakini mtu hakutolewa katika jamaa, na mapenzi yake hayakukanushwa kwa sababu ya udhaifu wake. Katika riwaya nyingine walikatazwa wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Na imepokewa kuhusu Umar (r.a.), ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa ulegevu, kwamba aliposikia mtu mmoja wa Sham amezama katika pombe alimwandikia barua ya kumkumbusha msamaha wa Mola wake na ukali wa adhabu Yake, akawaomba waliokuwa naye wamwombee dua, na mtu yule akatubu.

Najua hoja ya wanaopinga, kwa sababu ilikuwa yangu. Watasema: ukimkaribisha mlevi, vijana wataona pombe ni jambo dogo. Nauliza, vijana gani? Kijana anayemwona mjomba akitetemeka hahitaji kuambiwa kwamba pombe si jambo dogo. Anayeiona ndogo ni yule asiyemwona mlevi kwa karibu, kwa kuwa tumemfukuza akaenda kufia mbali.

Watasema pia: na mkewe je? Hii ni hoja nzito zaidi, na sitaki huruma yangu kwa mjomba iwe dhuluma kwa aliyeuza mbuzi wake. Huruma kwa mlevi haina maana kwamba mke avumilie kimya. Ana haki ya matumizi, ana haki ya usalama, ana haki ya kufika kwa wazee au kwa kadhi, na jamaa inayokaa na mume inapaswa kukaa pia upande wa mke akidai haki hizo. Lakini mimi nilipomfukuza mjomba mlangoni, sikumsaidia mkewe hata kidogo. Nilimrudishia mtu aliyepoteza mahali pa mwisho ambapo alikuwa hanywi.

Tena kuna tatizo letu la kifikihi. Tumekatazwa kukaa kwenye meza inayonywewa pombe. Kwa hiyo mimi siwezi kumfuata mjomba kabare nikakae naye. Watu wengi huishia hapo, wakaona katazo hilo limewapa ruhusa ya kukaa mbali. Mimi naliona kinyume. Ikiwa mimi siwezi kwenda alipo, basi mahali pekee tunapoweza kukutana ni kwangu, na mlango wangu nikiufunga nimefunga mkutano wote.

Tunaloweza

Likizo ile tulifanya jambo dogo. Baada ya Magharibi tulibaki kwenye baraza ya msikiti mpaka Isha: mimi, baba, vijana wawili na mwalimu wa madrasa. Mama alituma chupa ya chai na viazi vitamu. Hatukutoa mawaidha, mwalimu alikuwa akisimulia safari zake za biashara Muyinga na Kobero, na mjomba akimrekebisha bei. Juma la kwanza alikuja siku mbili. La pili, nne. Siku moja alikuja ananuka, akasimama mbali, nikaenda kumpokea mlangoni pale pale. Mama alimpeleka kituo cha afya, akapewa dawa za mitetemeko na kuambiwa arudi.

Sasa niko chuoni. Mama ananiambia kwa simu kwamba mjomba bado anaanguka, si kila siku. Mkewe ndiye anayeshika fedha za ndizi. Wazee waliafikiana hivyo naye akakubali. Baraza bado inakaliwa, ingawa mvua ikinyesha hawakai. Sina habari kubwa kuliko hiyo ya kumpa msomaji.

Lakini nina ombi. Hapa chuoni nasi tunao. Kuna ndugu walioanza mwaka wa kwanza katika safu ya mbele na sasa wanaonekana Ijumaa tu, au hawaonekani, na tunajua Jumamosi usiku wako wapi, na tunachokifanya ni kunong'ona. Chagua mmoja unayemjua. Usimpelekee aya, aya anazijua. Mwite chai baada ya Magharibi, kesho umwite tena, na akija akinuka msogelee. Na jumuiya yetu, ambayo kila Ramadhani hupata fedha na wapishi wa futari ya siku thelathini, ijiulize kama haiwezi kupata birika moja la chai kwa miezi kumi na moja iliyobaki.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wake na watoto wao, na atusamehe sisi tuliosimama milangoni.

Wabillahi tawfiq.